Tarehe hii ni ya kalenda gani? Mwongozo kamili wa kusoma miaka ya Hijria, Miladia, Kihabeshi na mingineyo

Shangazi yangu ana tarehe tatu za kuzaliwa. Kitambulisho chake kinasema 1 Januari 1953. Mwenyewe ukimuuliza atakwambia, "Mimi wa mfunguo saba, mwezi unaofuata Maulidi," na hapo amemaliza. Halafu kuna Msahafu wa marehemu babu. Ndani ya jalada la nyuma, kwa wino uliogeuka rangi ya chai na kwa herufi za Kiarabu, pameandikwa: usiku wa Jumanne, 12 mfunguo saba 1372, saa nne.

Kwa miaka mingi tulidhani babu alikosea, au karani alikosea, au shangazi anapenda tu kubisha. Siku niliyokaa na kalamu na kikokotoo niligundua kwamba aliyekosea ni karani peke yake, tena kwa siku tatu tu. Hesabu niliyotumia ndiyo hii nitakayoieleza, na ukishaijua utaitumia kwenye kaburi la zamani, jiwe la msikiti, habari za Addis Ababa na hata swali la chemsha bongo.

Nina ugomvi mdogo na namna tunavyojifunza historia ya dunia. Tunakariri miaka kama namba za simu, bila kuuliza ni miaka ya nani. Ndiyo maana mtu anasoma kwamba Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi huadhimishwa Novemba, anaona kama kachezewa. Hakuna aliyemchezea. Kalenda zilikuwa mbili.

Hatua ya kwanza: soma mwezi kabla ya mwaka

Namba ya mwaka hudanganya, jina la mwezi halidanganyi. Ukiona Rajabu, Shaabani au Ramadhani, hiyo ni Hijria. Ukiona Meskerem au Yekatit, hiyo ni ya Ethiopia. Tishrei au Nisan ni ya Kiyahudi. Farvardin au Bahman ni ya Iran.

Kwetu pwani kuna mtego wa ziada. Miezi ya mwandamo tunaihesabu kuanzia tunapofungua baada ya Ramadhani, kwa hiyo Shawwal ni mfunguo mosi, Dhulkaada ni mfunguo pili, Dhulhija ni mfunguo tatu (ndiyo maana Idi ya kuchinja huwa tarehe 10 mfunguo tatu). Mwaka wa Hijria wenyewe unaanza na Muharram, ambao kwetu ni mfunguo nne. Safar ni mfunguo tano, mfunguo sita ndio wa Maulidi, kisha mfunguo saba, nane na tisa, halafu Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Wengine husema "mfungo" badala ya "mfunguo", ni mamoja. Cha kukumbuka ni kwamba "mfunguo nne" si mwezi wa nne. Ni mwezi wa kwanza. Wajukuu wengi wanaofasiri karatasi za babu zao huangukia hapo.

Hatua ya pili: makadirio ya haraka

Hijria inaanzia mwaka 622, Mtume Muhammad alipohama Makka kwenda Madina. Kuufanya mwaka huo kuwa mwanzo wa hesabu kulikuja baadaye, zama za Khalifa Umar. Mwaka wake una miezi 12 ya mwandamo, yaani siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Upungufu huo ukijikusanya, miaka 33 ya Hijria inakaribia sawasawa na miaka 32 ya Miladia, yaani kalenda yetu ya kawaida ya Januari hadi Desemba.

Basi kanuni ni hii: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha jumlisha 622.

Ijaribu Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Ndani ya msikiti wa Dimbani kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yenye mwaka 500. 500 mara 0.97 ni 485, jumlisha 622 unapata 1107. Ndio mwaka unaoandikwa vitabuni. Ibn Battuta aliondoka kwao Tangier mwezi wa Rajabu 725: 703.25 jumlisha 622 ni 1325. Konstantinopoli ilianguka mikononi mwa Waturuki mwaka 857: utapata 1453. Mtu anayeweza hesabu hii kichwani huwa hapati tabu kwenye chemsha bongo, namjua mmoja anayekera kweli.

Ukitaka kurudi upande wa pili, toa 622 kwanza, kisha zidisha kwa 1.0307. Mapinduzi ya Zanzibar, Januari 1964: 1964 kutoa 622 ni 1342, zidisha, unapata 1383 na kidogo. Na kweli ilikuwa 1383, mwezi wa Shaabani, siku chache kabla ya watu kuanza kufunga.

Kwa sababu Hijria inakimbia kuliko jua, mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja ikianza Januari na nyingine mwisho wa Desemba. Hali hiyo ilitokea pia 1997.

Hatua ya tatu: siku kamili

Makadirio yanatosha kwa jiwe la msikiti. Kwa cheti cha kuzaliwa hayatoshi, maana mwaka mmoja wa Hijria hukalia miaka miwili ya Miladia. Majedwali mengi huandika mwaka mmoja tu mbele ya 1372, na kwa kuwa sehemu kubwa ya 1372 iliangukia 1953, naamini karani aliandika 1953 akaweka 1 Januari kama walivyozoea kufanya mtu asipojua siku yake. Tufanye alichopaswa kufanya.

Chukua mwaka, punguza moja: 1371. Zidisha kwa 0.970223, unapata 1330.176. Jumlisha 622.545, jibu ni 1952.721. Sehemu ya mbele ni mwaka, 1952. Desimali ni kiasi cha mwaka huo kilichokwisha pita kabla ya tarehe mosi Muharram. 1952 ulikuwa mwaka mrefu wenye siku 366, kwa hiyo 0.721 mara 366 ni siku 264. Januari hadi Agosti mwaka mrefu ni siku 244. Zimebaki 20, zote za Septemba. Muharram 1372 ilianza basi tarehe 21 Septemba 1952.

Sasa hesabu miezi, 30 na 29 kwa kupokezana: Muharram 30, Safar 29, mfunguo sita 30. Jumla 89. Kutoka tarehe mosi mfunguo saba hadi tarehe 12 ni siku 11 zaidi. Mia moja kamili. Kuanzia 21 Septemba sogea siku mia: tisa zinamaliza Septemba, 31 za Oktoba zinafikisha 40, 30 za Novemba zinafikisha 70, na 30 zinazobaki zinakuweka 30 Desemba 1952.

Kanuni hii hukosea siku moja au mbili. Hata isingekosea kabisa, mwezi huonekana kwa macho, na kila mwaka tunajua Idi ya huku na Idi ya kule zinavyopishana. Kwa hiyo usisimame hapo.

Hatua ya nne: muulize mwamuzi, siku ya juma

Hapa ndipo pananipendeza kuliko pote. Miaka ilibadilishwa, miezi ilikatwa, lakini mzunguko wa siku saba uliendelea bila kuruka katika mabadiliko yote ya kalenda nitakayoyataja hapa. Ijumaa ya Mwislamu, ya Myahudi na ya Mkristo ni siku ileile. Kwa hiyo ukipata siku ya juma kwenye maandishi, umepata shahidi asiyehongwa.

Fungua kalenda ya simu, rudi nyuma hadi Desemba 1952. Tarehe 30 ni Jumanne. Babu aliandika Jumanne. Hesabu imekaa. Kama ningepata Jumatano, ningesogeza siku moja nyuma bila wasiwasi, kwa kujua kwamba mwezi uliandama kwao siku tofauti na ya kwenye hesabu.

Lakini soma tena: *usiku wa* Jumanne. Kwa hesabu ya zamani siku inaanza jua linapotua, usiku unautangulia mchana wake. Ndiyo maana kuna wazee ambao wakisema usiku wa Ijumaa wanakusudia ule wa kuamkia Ijumaa, ambao ofisini ni Alhamisi usiku. Usiku wa Jumanne saa nne, basi, kwa ofisi ni Jumatatu, saa mbili kabla ya kubadilika tarehe. Shangazi alizaliwa 29 Desemba 1952.

Jambo la pembeni kuhusu siku zetu. Tunahesabu kuanzia Jumamosi, siku ya kwanza baada ya Ijumaa: mosi, pili, tatu, nne, tano. Kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni "ya tano", maana Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Wiki ya Mswahili ina siku za tano mbili zinazofuatana, na hakuna anayelalamika.

Hatua ya tano: tarehe za Ulaya kabla na baada ya 1582

Ukiingia historia ya Ulaya, usidhani "BK" imemaliza kazi. Kalenda aliyoianzisha Julius Caesar mwaka 45 KK iliupa mwaka siku 365 na robo. Ilizidi kweli ya jua kwa dakika 11 hivi. Dakika 11 si kitu, lakini karne zikipita zinakuwa siku. Papa Gregori XIII alizifuta siku kumi: Italia, Hispania na Ureno walilala Alhamisi 4 Oktoba 1582 wakaamka Ijumaa 15 Oktoba. Mtakatifu Teresa wa Ávila alifariki usiku huohuo, na sikukuu yake ni 15 Oktoba. Tangu hapo miaka ya mamia huwa mirefu pale tu inapogawanyika kwa 400: 2000 ulikuwa mrefu, 1900 haukuwa, wala 2100 hautakuwa.

Nchi nyingine hazikutaka kumfuata Papa. Uingereza ilikubali 1752, 2 Septemba ikafuatiwa na 14. Urusi ilisubiri hadi 1918, Ugiriki 1923. Kwa hiyo, ukikuta tarehe ya kalenda ya Juliasi, ongeza siku 10 kwa matukio ya 1582 hadi Februari 1700, siku 11 kwa karne ya 18, siku 12 kwa karne ya 19, na siku 13 tangu 1900. Tarehe 25 Oktoba 1917 ya Petrograd, siku ya yale Mapinduzi ya Oktoba, ni 7 Novemba kwetu. Krismasi ya Warusi haijahama Desemba: 25 Desemba yao huangukia 7 Januari yetu.

Kuna jingine linalowakwaza hata walimu. Uingereza ya zamani mwaka mpya ulianza 25 Machi. George Washington, Marekani ikiwa bado koloni la Uingereza, kwa maandishi ya wakati ule alizaliwa 11 Februari 1731. Leo Marekani wanaandika 22 Februari 1732. Siku 11 zimeongezwa, na mwaka umesogea, kwa sababu Februari yao ilikuwa bado ndani ya mwaka uliotangulia. Na ile hadithi tamu kwamba Shakespeare na Cervantes walikufa siku moja, 23 Aprili 1616? Ni tarehe moja iliyoandikwa kwenye kalenda mbili. Aprili 23 ya Uingereza ilikuja siku kumi baada ya ile ya Hispania.

Jaribio la nyumbani: Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Mombasa 7 Aprili 1498, na masimulizi ya safari yanasema ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Jumapili ya Matawi. Ukihesabu nyuma kwa kanuni ya sasa, 7 Aprili 1498 ni Alhamisi. Usimwite mwandishi mwongo. Ongeza siku tisa, ambazo ndizo tofauti ya wakati huo, utafika 16 Aprili, na hiyo ni Jumamosi.

Hatua ya sita: majirani na wa mbali

Ethiopia wana miezi 13, kumi na miwili ya siku 30 na wa mwisho, Pagume, wa siku tano au sita. Mwaka wao mpya ni 11 Septemba, au 12 kila unapokaribia mwaka wetu mrefu. Kuanzia mwaka mpya huo hadi mwisho wa Desemba ongeza 7 kwenye mwaka wao, na kuanzia Januari ongeza 8. Vita vya Adwa, Menelik alipowashinda Waitalia, ni 23 Yekatit 1888 kwao: Machi mosi, 1896 kwetu. Walisherehekea kuingia mwaka 2000 wakati sisi tuko Septemba 2007. Na ukimwambia Mhabeshi tukutane saa tatu asubuhi mtaelewana papo hapo, maana saa yao huanza alfajiri kama yetu. Tatizo litakuwa kwa mgeni mwenzenu.

Iran ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Nao wanahesabu kuanzia Hijra, ila kwa mwaka wa jua. Mapinduzi yao yalifika kilele 22 Bahman 1357. Ukitumia kanuni ya 0.97 utapata 1938, na hapo utakuwa umemrudisha kitini Shah, mfalme waliyempindua. Kwa Iran ongeza 621 tu, au 622 kwa miezi ya Januari hadi kabla ya 21 Machi hivi. Bahman huangukia Januari na Februari, kwa hiyo ni 1979.

Mwaka wa Kiyahudi toa 3760, ila toa 3761 kwa miezi ya kati ya mwaka mpya wao wa Septemba au Oktoba na mwisho wa Desemba. Wao huongeza mwezi mzima mara saba katika miaka 19 ili Pasaka isiikimbie majira yake. Thailand ongeza 543 kwenye mwaka wetu kupata wao, kwa hiyo 2025 ni 2568. Wachina gawanya mwaka kwa 12 uangalie kinachobaki: 8 ni joka, 9 nyoka, 10 farasi. Ila mwaka wao huanza kati ya 21 Januari na 20 Februari, kwa hiyo mtoto wa mapema Januari ni wa mnyama wa mwaka uliopita.

Tusisahau ya kwetu. Mabaharia wa majahazi hawakuweza kufuata mwezi pekee, kwa kuwa kaskazi na kusi ni pepo za jua. Walikuwa na mwaka wa Nairuzi, siku 365 zilizohesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi, bila mwaka mrefu. Jina limetoka Uajemi. Kwa kukosa ile robo siku, Nairuzi ya pwani iliteleza siku moja kila miaka minne, ndiyo maana Wairani wanasherehekea Machi na Makunduchi wanapigana kwa migomba ya Mwaka Kogwa mwezi Julai.

Hatua ya saba: kuvuka kwenda KK

Hii ni fupi. Hakuna mwaka sifuri. Baada ya 1 KK ulifuata 1 BK, kwa hiyo ukivuka jumlisha miaka yote miwili kisha toa moja. Augusto alipewa jina hilo Roma 27 KK akafa 14 BK: 27 na 14 ni 41, toa moja, miaka 40. Kwa sababu hiyohiyo karne ya 19 inaanza 1801. Aliyeitunga hesabu ya kuanzia Kristo, mtawa Dionysius Exiguus, aliifanya mwaka 525, na wanahistoria wengi wanaona alichelewesha mwanzo kwa miaka kadhaa, maana Herode alikufa karibu 4 KK.

Hatua ya nane: liweke kwenye daftari

Piga mistari minne. Safu ya kwanza andika tarehe kama ilivyo, hata kama imekosewa, usiirekebishe. Ya pili, jina la kalenda. Ya tatu, siku ya juma iliyoandikwa na uliyoipata wewe. Ya nne, tarehe ya Miladia, ukiweka alama kama ni hakika au makadirio. Usiandike jibu peke yake. Miaka kumi baadaye hutakumbuka ulilipataje.

Yangu ya shangazi inasomeka: "usiku wa Jumanne 12 mfunguo saba 1372 saa nne / Hijria, siku kuanzia magharibi / Jumanne, Jumanne / Jumatatu 29 Desemba 1952, hakika." Nikampelekea, nikamsomea polepole, nikaeleza mpaka habari ya jua kutua. Akasikiliza yote. Kisha akaniuliza kama kwenye kitambulisho watambadilishia bure au atalipa.